Walivyoing'arisha Bangili ya Kogo

Nilimweka mtoto juu ya kaunta ya polisi, juu kabisa ya kile kitabu kikubwa wanachokiita OB, nikamwambia sajenti, "Haya, chukua na huyu. Msafisheni mpaka ang'ae. Mkimaliza mniite niseme kama ni wangu."

Mtoto alikuwa amelowa tangu njiani. Nepi yake ilikuwa kipande cha shuka kuukuu nilichokata mwenyewe, hakikuwa cha kuzuia kitu, na maji yakaanza kutambaa kwenye ukurasa wa serikali. Sajenti alikivuta kitabu, mtoto akavutwa nacho, akadhani ni mchezo, akacheka.

"Mama, toa mtoto hapa. Hii ni ofisi."

"Si mlisema mnajua kutunza vitu? Mtunzeni."

Nyuma yangu, kwenye benchi, kogo aliuliza kwa lugha yetu ni nani analia. Kogo ni bibi ya mume wangu. Macho yake wakati huo yalikuwa yamebakiza mwanga tu, watu aliwajua kwa sauti. Nilitaka kumwambia hakuna anayelia. Halafu nikasikia pua yangu mwenyewe, nikajua ni mimi.

Watu wa kwetu wanapenda kuisimulia siku hiyo wakicheka, siku mama alipowaachia polisi mtoto. Wanacheka kwa sababu hawakuwepo. Mimi nitaisimulia kutoka mwanzo, kwa kuwa siku yenyewe kila nilipofungua mdomo niliambiwa nifunge.

Kogo alikuwa na bangili ya rupia. Mume wake alikuwa askari wa Keya, jeshi la mkoloni, akapelekwa Burma kupigana vita ambavyo mpaka anazeeka hakuweza kueleza vilikuwa vya nani. Alichoweza kueleza ni mvua. Alisema mvua ya huko iliwafungia chini ya turubali mpaka viatu vikaota ukungu, na vijana wakatafuta kazi ya kufanyia mikono. Mmoja akawaonyesha wengine jinsi ya kugonga rupia kwa mgongo wa kijiko, polepole, mpaka ikunje mgongo kidogo ikae vizuri kwenye mkono. Unatoboa kwa msumari huku na huku, unaziunganisha kwa waya wa simu. Wengine walitengeneza pete, wengine bangili. Karibu kila aliyerudi upande huu alirudi na kitu cha namna hiyo kwenye soksi, cha mke, cha mama, au cha msichana ambaye akifika alimkuta ameshaolewa.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama bangili ni ya Burma, si kazi. Upande mmoja wa rupia kuna shada la majani na maandishi, ya Kiingereza na mengine ya kule yaliyopindapinda. Upande wa pili kuna kichwa cha mfalme. Na wetu waliokuwa kambi moja walikuwa na mtindo wao: katikati, mahali pa kukaa juu ya mshipa, waliweka shilingi moja ya huku nyumbani, ile ya zamani yenye simba na milima, wasisahau walikotoka. Hayo mtu yeyote anaweza kukuambia. Kazi ni kujua hii ni ya nani.

Ya kogo niliijua. Kwanza, mzee, mume wake, alikuwa amefunga vichwa vyote vya mfalme ndani, vikigusa ngozi, na majani nje. Kogo alisema alipomuuliza, mzee alijibu kwamba mfalme amemkalia vya kutosha, sasa na yeye akakaliwe na mkono wa mwanamke. Pili, kiungo kimoja kilikatika zamani na kogo akakifunga kwa ukanda mwembamba wa ngozi ya mbuzi, ukakauka pale ukawa mgumu kama ukucha. Tatu, ilikuwa nyeusi. Kogo ndiye aliyesugua vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando, vya boma lote kwa mkaa wa mti wa senetwet, miaka yote ya ndoa yake, bangili ikiwa mkononi. Ule mkaa uliingia kwenye kila mkunjo. Simba alikuwa mweusi, milima myeusi, na ukiinusa unasikia kibuyu.

Mtoto wangu alipozaliwa, akina mama wa ukoo walikaa jioni kumtafutia jina la nyumba. Walimwekea ugoro kidogo puani, wakawa wanawaita wafu wa ukoo mmoja mmoja, wasikie atapiga chafya kwa nani, maana huyo ndiye aliyerudi. Dada ya mzee, ambaye yeye anaruhusiwa kulitamka, akalitaja jina la mzee. Mtoto akapiga chafya mpaka akanitemea maziwa.

Kila mtu alishangilia ila kogo. Alimsogelea, akampapasa uso, akasema, "Umechelewa, mzee. Chai imepoa."

Tulicheka sana usiku ule. Yeye akavua bangili, akaishika juu ya kifua cha mtoto kwa muda, akairudisha mkononi mwake. "Nakuwekea," alimwambia. "Ukipata mkono wa kujaza, njoo uchukue." Kuanzia hapo hakumwita jina lingine, alimwita mzee. Na kila nilipomletea, mtoto alikuwa akienda moja kwa moja kwenye ile bangili, anaing'ata kwa fizi. Kogo alikuwa anasema, "Mnaona? Anajua kitu chake."

Halafu akaja mtu mwenye koti.

Alizunguka kwa wajane na wazee wa vita upande wa Sigor, anakokaa kogo, na kwingine, akiwa na mkoba na adabu nyingi. Alisema kuna maonyesho ya vitu vya askari wa zamani yanatayarishwa Nairobi, vitapigwa picha, vitarudishwa. Mimi nilikuwa kwetu, kwenye mashamba ya chai, mbali. Kogo aliniambia baadaye kwamba yule mtu alikaa, akanywa chai, akamuuliza vita vilikuwaje. Watoto wake mwenyewe hawajawahi kumuuliza. Akavua bangili akampa. Simlaumu hata kidogo. Ningekuwa mimi ningempa na kuku.

Yule mtu alishikwa Sotik sokoni akiuza. Chifu akatangaza kwenye baraza kwamba vitu vimepatikana, viko kituo cha polisi, wenye navyo waende kuvitambua. Kituo sitakitaja. Wanajijua.

Mume wangu alisema niache. "Ni shilingi zilizochakaa tu. Utapoteza siku ya kuchuma."

"Ni ya mtoto wako."

"Mtoto wangu hana hata meno."

Nilichuma mapema, nikapeleka majani kwenye kituo cha kununulia, nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda peke yangu. Pale polisi nilikaa benchi moja na mwanamke mnene wa kutoka upande wa ziwani, mpiga taipu kwenye kiwanda cha chai. Yeye alikuja kutafuta pete ya baba yake, naye alikuwa Burma. Tuligundua hilo kwa sababu aliniuliza ninangoja nini, na nilipomwambia alicheka.

"Kumbe wazee wetu walilala turubali moja," alisema. "Na sisi tunagombania benchi. Hebu sogea, mama mtoto, umekalia nguo yangu."

Sajenti wa stoo alimwaga mkoba mezani. Medali, vyuma vya kufungia mikanda, pete, filimbi, na bangili za rupia tatu, zote na simba katikati. Sikutegemea tatu. Lakini sikuhitaji hata kuinama. Yetu ilikuwa pale na ngozi yake na weusi wake, mfalme akiwa ndani. Mtoto aliiona juu ya bega langu akanyoosha mkono.

"Ni hii," nikasema.

"Jina la mwenyewe?"

Katika nyumba niliyoolewa, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la mzee wa mume wake. Ni jina la mtoto wangu na mimi mwenyewe silitumii, namwita la kanisani.

"Mama, nimeuliza jina."

"Nalijua. Siwezi kulisema."

Sajenti aliwaangalia wenzake. "Mmesikia? Anataka mali ya mtu asiyemjua jina."

Mpiga taipu akaingilia kutoka kwenye benchi. "Afande, hata kwetu yako mambo kama hayo. Mpe kalamu aandike, hajaambiwa asiandike."

Nikaandika. Sajenti alilisoma, akarudisha karatasi, akasema haitoshi. Mwenyewe aje. "Wewe umeolewa juzi. Hii bangili ni mzee kukushinda. Lete shosho atambue mwenyewe, aweke kidole, aende nayo."

"Haoni vizuri, afande."

"Si ana mikono?"

Hapo hata nilimwona ana akili. Nikamwambia naomba isiguswe mpaka nimlete. Akacheka, akasema pale iko salama kuliko benki. Nilitoka nikiwa na furaha. Naona aibu kuiandika hiyo, lakini nilikuwa na furaha, nilimwimbia mtoto njia nzima.

Kumleta kogo kulichukua muda, kwa sababu ya mvua, na kwa sababu alikuwa anaumwa kifua. Asubuhi ya safari nilimkuta ameshavaa kitambaa chake cheupe cha kanisa na viatu vya kufungwa ambavyo vilimuumiza. Pikapu ya maziwa ilitubeba, yeye mbele na dereva, mimi na mtoto nyuma katikati ya mitungi. Nilimsikia akizungumza njia nzima. Dereva aliniambia baadaye alikuwa akimweleza jinsi atakavyojibu polisi. Atawaambia habari ya mfalme, atawaambia ya ngozi, na kama hawaamini atawaambia wainuse.

Tulipofika niliona mawe ya njiani yamepakwa chokaa. Uwanja umefagiwa. Mkubwa fulani alikuwa anatarajiwa wiki hiyo. Sijui kwa nini chokaa ile haikunishtua. Mpiga taipu naye alikuwepo, alikuwa amerudi na barua ya chifu wao. Akampisha kogo pahali pa kukaa.

Sajenti alitoka stoo amebeba gazeti kwa mikono miwili kama trei. Alikuwa anatabasamu.

"Leo mtafurahi," alisema. "Tumezisafisha zote."

Bangili tatu zilikuwa juu ya gazeti, na zote tatu zilikuwa nyeupe. Ziling'aa kama vifungo vya sare yake, na ndivyo alivyozifanya, kwa dawa ile ile na kitambaa kile kile. Zilinuka dawa hiyo mpaka machoni.

"Zilikuwa na uchafu huo. Mkubwa anakuja, na korti haitaki uchafu. Waya wa zamani ulikuwa umeota kijani, nimetoa, nimefunga waya mpya mimi mwenyewe. Moja ilikuwa na takataka ya ngozi, nikatupa. Na kuna mlevi mmoja alimfunga mfalme ndani, nimemgeuza aonekane."

Nilifungua mdomo. Akaninyooshea kidole.

"Wewe kimya. Ukimwambia chochote ni kumfundisha shahidi. Nitaandika hivyo."

Kwa hiyo nilisimama. Nataka mtu anayesoma aelewe nilikuwa nimesimama karibu na kogo kiasi cha kumgusa, na sikuruhusiwa kumwambia neno. Na jambo baya zaidi ni kwamba hata ningeruhusiwa, nilikuwa nazitazama zile bangili tatu na mimi mwenyewe sikuwa najua tena. Rupia na rupia na rupia, simba, rupia. Niliitafuta ya kwetu kama mtu anayetafuta mtoto wake kwenye foleni ya watoto walionyolewa.

Sajenti alimwekea ya kwanza mkononi. Kogo alipitisha kidole gumba kwenye viungo, polepole, vyote, akitafuta ngozi. Akaigeuza akagusa upande wa ndani. Akaipeleka puani. Akairudisha.

"Si hii."

Ya pili, vile vile. Hapo alichelewa kidogo. Aliiweka kwenye mkono wake, akaitikisa asikie inavyolia, na mimi nikamwomba Mungu kwa meno yaliyofungwa. Akaivua.

"Hii ni mpya," alisema. "Mwenye nayo ni msichana."

Ya tatu hata hakuimaliza. Aliuliza kwa upole kama kuna nyingine. Sajenti akasema ndizo zote. Akauliza kama labda kuna moja imebaki nyuma, chafu, ya kizee.

"Hakuna, shosho. Zote zilikuwa chafu. Sasa ni safi."

Nilishindwa. Nikasema, kufundisha shahidi au kutofundisha, "Kogo, ni mojawapo ya hizo. Wamezisugua."

Alielekeza uso kwangu. "Wamesugua na nini mpaka ikaacha kunijua?"

Sajenti hakumngojea mtu. Aliandika huku akisoma kwa sauti, kwamba shahidi ameonyeshwa vielelezo na amevikana vyote. Akamshika kogo kidole, akakigandamiza kwenye wino, akakipiga kwenye karatasi. Kogo alimwachia, alidhani ni karatasi ya kuendelea kutafuta. Sajenti akaifunga kalamu, akainua bangili moja kwenye mwanga wa dirisha, akatania, "Inavyong'aa hivi, hata mimi ningedai ni ya nyanya yangu."

Ndipo nilipomfungua mtoto mgongoni nikamweka juu ya kile kitabu.

Niliyosema baada ya pale siyakumbuki yote. Nakumbuka nilimwuliza kama mama yake akifa atamwosha uso mpaka utoke. Nakumbuka askari mwingine akisema niwekwe ndani nitulie, na mpiga taipu akamwambia, "Muweke, halafu wewe ndio ubadilishe mtoto." Watu wakacheka, na kucheka kule kuliniokoa, maana hakuna aliyetaka kunishika tena.

Sajenti alishusha sauti. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Nafikiri hilo ndilo linanikasirisha mpaka leo, kwamba hakuna mbaya wa kumshika koo. Alikuwa ameona vitu vichafu akavisafisha, kama alivyofundishwa.

"Sikia, mama. Chukua moja. Yoyote. Sema ni hiyo, nitabadilisha hapa, tumalize maneno."

Nilitaka. Sitadanganya. Ya pili ilikuwa karibu na mkono wangu. Nikamwambia kogo anavyosema sajenti, tuchukue moja, twende nyumbani.

Kogo alikuwa tayari anatafuta fimbo yake. "Na mwenye nayo akija?" aliuliza. "Kuna mwanamke mahali naye ametolewa kitu chake mkononi. Nimvalie mume wake?"

Mpiga taipu alitambua pete yake siku hiyo hiyo. Baba alimpa mama yake, na shambani ikalika upande mmoja kwa mpini wa jembe, na dawa haiwezi kurudisha fedha iliyolika wala kuficha. Aliivaa hapo hapo, halafu alipotuona akaivua, akaitia ndani ya mkoba. Alitununulia chai na mandazi, akamshika mtoto tukinywa.

Bangili zilibaki. Sijui ziliishia wapi, au kama wenye zile mbili nyingine walikuja wakazikana nao. Niliporudi kuuliza niliambiwa vitu visivyo na mwenyewe vinangoja amri. Nikauliza amri ya nini. Ya kuviondoa.

Nyumbani, kogo hakuamini kwamba imepotea. Alivyoona yeye, polisi walileta za watu wengine na yake bado inatafutwa. Kila nilipofika aliuliza, "Hawajaipata?" Nilimweleza mara ya kwanza, kwa urefu, kwamba ilikuwa mkononi mwake na akairudisha. Nilimwona anavyokunja uso akifikiri, na jinsi mkono wake wa kulia ulivyokwenda kwenye wa kushoto, pale pahali palipobaki ngozi laini, nyororo kuliko mkono wote. Akasema, "Mimi ndio niliikataa?" Sikurudia tena. Akiuliza, namwambia bado.

Mtoto naye alikuwa akifikishwa kwake ananyoosha mkono, anashika mkono mtupu, anautafuna hivyo hivyo. Kogo anamwachia. "Vumilia, mzee," anamwambia. "Niko kwa hiyo maneno."

Siku moja nilipowaona hivyo, niliamua kuandika. Mume wangu alisema, utaandikia nani. Nikasema nitaandikia yeyote mwenye muhuri. Nilimwendea mpiga taipu nyumbani kwake kwenye nyumba za kiwanda, na karatasi niliyoandika kwa mkono. Aliisoma, akasema ina matusi matatu, akayatoa, mawili nikamwomba ayarudishe kwa namna ya heshima. Aliipiga taipu wakati wa chakula cha mchana. Niliiandika kwa Kiswahili, sio Kiingereza nilichofundishwa sekondari, ili hata askari wa langoni aweze kuisoma asiseme haikuwa imeeleweka. Nakala moja kwa mkuu wa kituo, moja kwa ofisi ya D.C., mkuu wa wilaya. Karani wa D.C. aliniuliza thamani ya kitu kilichopotea ajaze kwenye faili. Nikamwambia aache pahali hapo wazi. Akapiga muhuri kwenye nakala yangu, na ndiyo hii ninayoinakili hapa, bila majina.

KUH: MALALAMIKO JUU YA KUHARIBIWA KWA BANGILI ILIYOKUWA MIKONONI MWA POLISI

Bwana Mkuu,

Mimi ni mke wa mjukuu wa mjane aliyetajwa kwenye kitabu chenu. Naleta malalamiko yafuatayo.

Nilipokuja mara ya kwanza niliiona bangili yetu ikiwa nyeusi, ina ukanda wa ngozi kwenye kiungo, na vichwa vya mfalme vikiwa upande wa ndani. Niliomba isiguswe. Tulipokuja na mwenyewe, askari wenu alikuwa ameisugua, ametupa ngozi, amebadilisha waya na amegeuza fedha zote. Kisha akamwambia mama asiyeona aitambue.

Mmeandika kwamba shahidi amevikana vielelezo. Naomba maneno hayo yafutwe. Bibi huyu hakukana kitu chake. Aliwekewa mkononi kitu ambacho ninyi mmekitengeneza, akasema si chake, na alisema kweli. Hajawahi kuwa na kitu kama hicho.

Siombi nipewe bangili mojawapo, kwa sababu hata mimi sasa siijui, na mwenyewe amekataa kuvaa ya mwingine. Naomba zisiondolewe kwa amri yoyote mpaka wanawake wote waliochukuliwa bangili wameitwa, na waambiwe kabla hawajazigusa kwamba mlizisafisha.

Naomba pia ule ukanda wa ngozi utafutwe pahali mnapotupa taka. Ni mfupi, mweusi, umekauka. Mkiupata msiuoshe. Mama huyu akiugusa ataujua, na ninyi mtajua ulitoka kwa ipi.

Na ikiwa hautapatikana, naomba aliyeutupa aje nyumbani amwambie mwenyewe kwa mdomo wake, kwa sababu mimi nimeshindwa.

Wako mwaminifu.